Mishahara Mbele ya Mahakama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni kuchambua kumbukumbu za malipo na kuzieleza mbele ya maafisa wa kazi, wasuluhishi na majaji. Ofisi iko Kampala, lakini mafaili hutoka kila upande: viwanda vya Jinja na Mukono, mashamba ya chai ya magharibi, kampuni za ulinzi, madereva wa malori wanaopita Malaba na Busia, shule, mashirika ya misaada huko Arua. Wanaonipigia simu huuliza yale yale, na wengi wao wako huru zaidi kwenye Kiswahili kuliko kwenye Kiingereza cha mahakama. Kwa hiyo nimeyaandika majibu hapa. Haya si ushauri wa kisheria juu ya shauri lako. Kwa hilo mwone wakili.

Hasa unafanya nini?

Wakili ananiletea swali ambalo jibu lake limo ndani ya orodha za mishahara. Je, wanawake wa kiwanda hiki wanalipwa chini ya wanaume wanaofanya kazi ile ile? Walinzi hawa wanadai saa ngapi za ziada, na kwa shilingi ngapi? Kampuni ilipopunguza watu, iliwaondoa wazee zaidi kuliko vijana? Ninaomba kumbukumbu, ninazikagua, ninapiga hesabu, ninaandika ripoti, kisha ikibidi ninapanda kizimbani kuieleza.

Sehemu kubwa ya muda haiendi kwenye hesabu. Inaenda kwenye kuuliza namba hii iliandikwa na nani, lini, na kwa kusudi gani. Safu iliyoandikwa "posho" inaweza kuwa nauli, chakula, au sehemu ya mshahara iliyofichwa ili kodi ipungue. Usipojua ni ipi, hata hesabu iliyo sahihi kabisa itatoa jibu la uongo.

Je, wewe ni wakili?

Hapana. Mimi ni mtu wa takwimu na uchumi. Sisemi nani amevunja sheria. Hilo ni la mahakama. Ninachosema ni pengo lilivyo, ukubwa wake, na maelezo gani yanalitosha au hayalitoshi.

Ulifikaje kwenye kazi hii?

Nilianzia ofisi ya uhasibu, nikitayarisha mishahara ya kila mwezi. Ukikaa na orodha ya malipo kwa muda mrefu unaanza kuona mambo ambayo wakubwa hawayaoni, kwa sababu wao hutazama jumla ya chini tu. Unaona kwamba mpishi mmoja analipwa pungufu kuliko mwenzake aliyeajiriwa baada yake. Unaona makato yasiyo na jina. Baadaye wakili mmoja alihitaji mtu wa kumfafanulia orodha kama hizo kwenye mgogoro, na hapo nikatambua kwamba pengo kubwa liko katikati: mawakili wanaijua sheria, wahasibu wanazijua namba, na mfanyakazi amesimama kati yao bila mtu wa kuunganisha pande hizo mbili.

Fani hii ilianzia wapi?

Ilikomaa Marekani, na inafaa kujua ilivyokwenda kule kwa sababu hoja zake ndizo tunazokutana nazo hapa, hata kama sheria zetu ni nyingine.

Marekani ilipitisha Sheria ya Malipo Sawa mwaka 1963 na Sheria ya Haki za Kiraia mwaka 1964. Swali likawa: utathibitishaje ubaguzi ikiwa hakuna aliyeuandika kwenye barua? Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ilisikiliza shauri la wilaya ya shule ya Hazelwood, jimbo la Missouri, lililohusu kuajiri walimu weusi. Mabishano makali yalikuwa juu ya kulinganisha na nani. Ukihesabu walimu wa eneo zima pamoja na jiji la St. Louis, walimu weusi walikuwa asilimia 15.4. Ukiliondoa jiji, walikuwa asilimia 5.7. Shule zile zile, walimu wale wale, lakini picha mbili tofauti kabisa kutegemea mpaka ulivyouchora. Kila ninapopokea faili jipya huanza na swali hilo la mpaka.

Mwaka 1986 ikaja Bazemore, shauri la huduma ya ugani wa kilimo ya North Carolina. Huduma hiyo zamani ilikuwa na tawi la weupe na tawi la weusi, kila moja na mishahara yake. Matawi yaliunganishwa mwaka 1965, lakini mapengo ya zamani yaliendelea kuingia kwenye malipo ya kila mwezi. Mahakama ilisema kwamba kila malipo yanayobeba ubaguzi ule ni kosa jipya, na kwamba uchambuzi wa regresheni (hesabu inayolinganisha watu wengi kwa mara moja huku ikitenga athari ya vigezo kama miaka ya kazi) haufai kutupwa eti tu kwa sababu haukuweka kila kigezo kinachowezekana. Ukiwa na vigezo vikuu, una uzito wake.

Halafu mwaka 2011 wanawake wapatao milioni 1.5 wa kampuni ya maduka ya Walmart walizuiwa kushtaki kama kundi moja. Mahakama iliona kwamba mameneja wa maduka waliamua mishahara kila mmoja kwa hiari yake, hivyo takwimu za nchi nzima hazikuonyesha uamuzi mmoja uliowaunganisha. Fundisho kwa mchambuzi ni zito: chunguza pale uamuzi ulipofanyika. Kama mshahara umepangwa na meneja wa tawi la Mbarara, wastani wa kampuni nzima hauwezi kumweleza.

Sheria ya Uganda inasemaje juu ya malipo sawa?

Katiba ya 1995, ibara ya 40, inalitaka Bunge litunge sheria za kuhakikisha malipo sawa kwa kazi sawa bila ubaguzi. Sheria ya Ajira ya 2006 imekwenda mbele kidogo: inamtaka mwajiri awalipe wanaume na wanawake sawa kwa kazi yenye *thamani* sawa. Ndiyo lugha ya Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2005. Sheria hiyo hiyo inakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, jinsia, dini, siasa, asili, hali ya VVU na ulemavu.

Tofauti kati ya "kazi sawa" na "kazi yenye thamani sawa" si ndogo. Mwanamke anayepanga na kukagua majani ya chai na mwanamume anayepakia magunia hawafanyi kazi ile ile. Lakini ukipima ujuzi, jukumu, nguvu na mazingira, thamani ya kazi zao inaweza kulingana, na hapo mwajiri ana la kueleza.

Si kila pengo la malipo linaangukia hapo. Juni 2022 walimu wa masomo ya sanaa waligoma baada ya Serikali kupandisha mishahara ya walimu wa sayansi, mwalimu wa sayansi mwenye shahada akafika shilingi milioni 4 kwa mwezi. Malalamiko yao yalieleweka na kila mwenye kufundisha. Lakini mgogoro huo ulihusu masomo wanayofundisha, si jinsia wala dini, na uchambuzi wake unataka maswali mengine.

Wanaume wa kampuni yetu wanapata zaidi kwa wastani. Huo si ushahidi tayari?

Ni mwanzo wa ushahidi. Nitakupa mfano wa kubuni, tuufuate taratibu, kwa maana hapa ndipo kesi nyingi hushinda au kuanguka.

Tuseme kampuni ina wanaume 60 na wanawake 60. Kuna ngazi mbili tu: wasimamizi wanaolipwa shilingi 2,000,000 na wahudumu wanaolipwa 800,000. Wanaume 40 ni wasimamizi na 20 ni wahudumu. Wastani wao unakuwa 1,600,000. Wanawake 15 ni wasimamizi na 45 ni wahudumu. Wastani wao ni 1,100,000. Pengo ni nusu milioni kila mwezi.

Wakili wa kampuni atasimama aseme: tazameni ndani ya kila ngazi. Msimamizi mwanamke analipwa sawasawa na msimamizi mwanamume, hata shilingi moja haipungui. Na ni kweli. Ukiingiza ngazi kwenye hesabu, pengo linatoweka.

Mtaalamu aliyeajiriwa na kampuni anaweza kuishia hapo. Mimi sikubali kuishia hapo, na nimewaambia hivyo hata waajiri walioniajiri. Ngazi haikushuka kutoka mbinguni. Nani alimpandisha nani? Nafasi zilitangazwa, au meneja alinong'ona jina? Wanawake walioomba walikuwa wangapi? Kama ngazi yenyewe imegawiwa kwa upendeleo, basi kuiingiza kwenye hesabu ni kuutumia ubaguzi kama kisingizio cha kuuficha ubaguzi. Kigezo ambacho mwajiri anakitawala hakina budi kikaguliwe kwanza, kabla ya kuruhusiwa kueleza lolote.

Lakini upande wa mlalamikaji nao usikimbilie kuondoa ngazi kana kwamba haina maana. Msimamizi kweli ana majukumu zaidi. Ripoti yangu huweka hesabu zote mbili, yenye ngazi na isiyo na ngazi, kisha sura nzima juu ya upandishaji vyeo. Jaji aone mwenyewe pengo linaishi wapi.

Vile vile kuna mshahara wa kuanzia. Waajiri wengi hapa humuuliza mwombaji, "Ulikuwa unalipwa kiasi gani?" kisha wanaongeza kidogo juu yake. Aliyepunjwa kazi ya kwanza anabeba upunjwaji huo hadi kazi ya tatu, na nyongeza ya asilimia ile ile kwa wote inalipanua pengo kila mwaka kwa shilingi.

Utajuaje kwamba si bahati tu?

Kwa kuuliza: kama uamuzi ungekuwa haujali jinsia, matokeo kama haya yangetokea mara ngapi? Tuseme waliostahili kupandishwa ni wengi, nusu wanawake. Nafasi 20 zimejazwa, wanawake wamepata 4. Kwa kawaida ungetazamia karibu 10. Uwezekano wa kupata 4 au chini ya hapo kwa bahati tupu ni kama mara 6 katika 1,000. Kwa lugha ya takwimu, ni mkengeuko sanifu 2.7 (kipimo cha mtawanyiko wa kawaida wa bahati) kutoka kwenye matarajio, na mahakama ya Hazelwood niliyoitaja ilizungumzia mikengeuko miwili au mitatu kama mahali ambapo shaka inaanza kuwa kubwa.

Hilo halimthibitishi mtu kuwa mbaguzi. Linasema kwamba bahati peke yake si maelezo ya kutosha, na sasa mwajiri alete maelezo mengine.

Na kama tuko wafanyakazi saba tu?

Basi niache mimi, au nitumie kidogo. Takwimu haziwezi kusema mengi juu ya watu saba. Mlinganishe mfanyakazi na mwenzake mmoja mmoja: mikataba, majukumu, tarehe za kuajiriwa, nyongeza. Waajiri wengi wa Uganda ni wadogo, na mtaalamu anayeleta grafu za rangi kwenye kesi ya watu saba anakula pesa ya mteja bure.

Saa za ziada zinahesabiwaje?

Hili ndilo dai ninaloletewa kuliko yote, hasa na walinzi, na ndilo linaloniuma zaidi, maana watu hudai kidogo kuliko haki yao kwa kutojua hesabu.

Sheria ya Ajira inaweka saa 48 kwa wiki kama kawaida. Saa za ziada zilipwe mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida cha saa siku za kazi, na mara mbili siku za mapumziko ya kitaifa zilizotangazwa kwenye gazeti la Serikali.

Chukua mlinzi anayelipwa shilingi 300,000 kwa mwezi, anasimama getini saa 12 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Hizo ni saa 72, yaani 24 zaidi ya kawaida. Mwezi wa wastani una saa 208 za kawaida (48 mara 52, gawanya kwa 12). Kiwango chake cha saa ni kama shilingi 1,442, na saa ya ziada ni kama 2,163. Kwa mwezi ana saa 104 za ziada. Jumla: shilingi 225,000. Kiasi cha robo tatu ya mshahara wake, kila mwezi, hakijalipwa. Zidisha kwa miaka mitatu utaona ni kwa nini waajiri hutafuta suluhu haraka mara hesabu ikiwekwa mezani.

Sasa yanakuja mabishano. Kampuni itasema mlinzi alipumzika saa moja kila zamu. Itasema mkataba ulijumlisha saa zote ndani ya 300,000. La pili ni la sheria na simo. La kwanza ni la ushahidi: kuna kitabu cha zamu? Kuna aliyempokea getini wakati anakula? Kama lindo lilikuwa na mtu mmoja, na kitabu cha matukio kinaonyesha magari yakiingia wakati huo unaoitwa wa mapumziko, saa ile ilikuwa ya kazi. Ninaandika hesabu kwa namna zote mbili, pamoja na mapumziko na bila mapumziko, ili mahakama ikiamua jambo la ukweli, jibu la shilingi liwe tayari.

Mwajiri anasema hana kumbukumbu. Tumekwisha?

Hata kidogo. Mshahara huacha nyayo sehemu nyingi. Sheria inampa mfanyakazi haki ya kupewa hati ya malipo kila anapolipwa, ikionyesha mshahara na kila kato. Kama hukupewa, nenda kwenye taarifa yako ya benki au ya pesa kwa simu.

Nyayo ninayoipenda kuliko zote ni NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Mfanyakazi huchangia asilimia 5 na mwajiri asilimia 10, jumla 15 ya mshahara kabla ya makato. Chukua mchango wa mwezi, gawanya kwa 0.15, unapata mshahara ambao mwajiri mwenyewe aliutangaza. Mchango wa 90,000 unamaanisha alitangaza 600,000. Kama mkataba unasema 900,000, kuna 300,000 isiyojulikana iliko, na mwajiri hawezi kusema karatasi hiyo umeitengeneza wewe. Tangu marekebisho ya 2022 hata mwajiri wa mfanyakazi mmoja anatakiwa kuchangia. Ile kinga ya kuwa na watu chini ya watano imeondolewa.

Pia kuna marejesho ya PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara) kwa URA, mamlaka ya mapato, kitabu cha mahudhurio, alama za vidole, hati za mizigo kwa madereva, hata ratiba iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Uganda ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inayokubali kumbukumbu za aina hiyo kama ushahidi, mradi uweze kuonyesha zilitoka wapi na hazikuchezewa. Kwa hiyo usipige picha ya skrini ukafuta ujumbe wenyewe. Itunze simu.

Data ya kampuni huwa safi?

Mara chache. Mtu mmoja ana namba mbili za ajira. Jina limeandikwa Namukasa mwezi huu na Namukaasa mwezi ujao, na kompyuta inaona watu wawili. Kuna watumishi hewa, ambao huharibu wastani wowote unaoupiga. Kuna nyongeza iliyolipwa mara moja kufidia miezi mitano, na mwezi huo unaonekana kama mtu alitajirika.

Huwa sifuti kitu. Ninatunza faili kama lilivyopokelewa, nafanya kazi kwenye nakala, na kila rekebisho linaandikwa na sababu yake. Upande wa pili ukitaka, mtaalamu wao arudie hatua zangu zote afike pale pale. Asipoweza kuzirudia, ripoti yangu haistahili kuaminiwa.

Kwa nini hesabu yangu na ya kampuni hazilingani?

Mara nyingi kwa sababu mmoja anahesabu kabla ya makato na mwingine baada yake. Mshahara wa 1,000,000 una PAYE ya 202,000 (25,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi 410,000) na NSSF ya 50,000. Mkononi inabaki 748,000, kabla ya kodi ya huduma ya mitaa. Kampuni inasema milioni, wewe unasema laki saba na nusu, na wote mnasema kweli. Kubalianeni kwanza ni namba ipi, ndipo mgombane.

Nimefukuzwa. Nina muda gani, na nadai nini?

Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yapelekwe kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu, ingawa anaweza kukubali kuchelewa kwenye sababu ya haki. Usikae. Kule Marekani Lilly Ledbetter, msimamizi kwenye kiwanda cha matairi cha Goodyear huko Alabama, aligundua karibu na kustaafu kwamba wanaume wenzake walilipwa zaidi; mwaka 2007 Mahakama ya Juu ilisema amechelewa. Bunge lao lilibadili sheria mwaka 2009, lakini yeye hakulipwa.

Mambo ninayohesabu mara nyingi ni notisi (mwezi mmoja kwa aliyefanya kazi mwaka hadi miaka mitano, miezi miwili kwa mitano hadi kumi, mitatu kuanzia kumi), likizo isiyochukuliwa kwa siku 21 kila mwaka, mishahara iliyobaki, na kiinua mgongo. Sheria iliacha kiwango cha kiinua mgongo kwa makubaliano ya mwajiri na mfanyakazi; pale ambapo hakuna makubaliano, Mahakama ya Viwanda imekuwa ikitumia mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa utumishi.

Afisa wa kazi akishindwa kulimaliza, shauri hufika Mahakama ya Viwanda, ambako jaji huketi na mwakilishi wa waajiri, mwakilishi wa wafanyakazi na mjumbe huru. Rufaa huenda Mahakama ya Rufani, kwa hoja za sheria. Ndiyo maana hesabu zikosewe popote lakini si hapo chini: ukweli wa namba huamuliwa mapema, na kuurekebisha baadaye ni kazi ngumu sana.

Uganda ina kima cha chini cha mshahara?

Kilichopo kiliwekwa mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Februari 2019 Bunge lilipitisha muswada mpya, Rais hakuutia saini. Kwa hiyo kudai "chini ya kima cha chini" hakukupi kitu. Dai ulichoahidiwa, saa ulizofanya, na usawa na wenzako.

Unamtetea nani, mwajiri au mfanyakazi?

Nimeajiriwa na pande zote mbili, na sitetei upande. Mwaka 1993 mahakama ya Uingereza, kwenye shauri la meli Ikarian Reefer, iliweka kanuni ambazo wataalamu wengi wa nchi zenye sheria za asili ya Kiingereza huzifuata: wajibu wa mtaalamu ni kwa mahakama kwanza, na asifiche jambo linaloipinga hoja yake.

Kwa sababu hiyo sichukui asilimia ya ushindi. Ninalipwa kwa muda, ukishinda au ukishindwa. Mteja akiniomba niondoe jedwali lisilompendeza, namrudishia faili. Kwa mfanyakazi asiye na uwezo, chama cha wafanyakazi kinaweza kugharamia uchambuzi mmoja kwa wanachama wengi, na hiyo ni nafuu kubwa.

Kuhojiwa kizimbani kukoje?

Kuchosha, na ni haki iwe hivyo. Wakili wa upande wa pili atatafuta kigezo ulichokiacha. "Je, ulizingatia elimu? Uliangalia utoro?" Kama ulikiacha, sema ulikiacha na sababu yake. Kama kingebadilisha jibu, sema kingebadilisha. Kesi za mishahara huanguka pale mtaalamu anapong'ang'ania zaidi ya data yake inavyoruhusu.

Ninajibu bila istilahi nikiweza. Jaji akiuliza regresheni ni nini, namwambia: ni njia ya kuwalinganisha watu wengi kwa mara moja huku tukitenga athari ya miaka ya kazi, elimu na kituo, ili tuone kama jinsia bado ina athari yake yenyewe. Mahakama huendeshwa kwa Kiingereza. Shahidi anayeongea Kiswahili huombewa mkalimani. Mwambie wakili wako mapema, na mkalimani azijue namba. Nimesikia "laki moja na nusu" ikitafsiriwa vibaya.

Mishahara ya wenzangu itaanikwa?

Haipaswi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaihusu mishahara kama taarifa binafsi. Kwenye ripoti zangu majina hugeuzwa kuwa namba, ufunguo unabaki na mawakili. Na wewe mfanyakazi, usiibe faili la ofisi usiku. Wakili aombe kwa amri ya mahakama.

Nataka kufanya kazi hii. Nisome nini?

Takwimu au uchumi. Makerere imefundisha takwimu na uchumi tumizi tangu 1969. Ongeza sheria ya ajira kwa kujisomea, ukae mahakamani usikilize. Lakini kabla ya hayo yote, fanya kazi ya kutayarisha mishahara mahali fulani, hata kiwanda kidogo. Vijana wengi wanaokuja kwangu wanaijua programu ya hesabu vizuri kuliko mimi, ila hawajawahi kuona mfanyakazi akirudi dirishani na bahasha pungufu, wala msimamizi akiandika saa kwa penseli ili azifute baadaye. Hayo programu haifundishi.

Kazi yenyewe haina wingi wa ajira za kudumu. Wengi huichanganya na ukaguzi wa hesabu au ushauri wa mishahara kwa waajiri wanaotaka kujichunguza kabla ya kushtakiwa. Ushauri wa aina hiyo naupenda kuliko kesi. Uingereza tangu 2017 waajiri wenye watu 250 na zaidi hulazimika kutangaza pengo la malipo kati ya wanaume na wanawake. Hapa kwetu mwajiri hufanya kwa hiari, na anayefanya hulirekebisha pengo likiwa bado dogo. Halmashauri ya jiji la Birmingham, Septemba 2023, ilitangaza kuwa haina uwezo wa matumizi mapya, na madai ya malipo sawa yaliyolimbikizana kwa miaka yalikuwa sababu mojawapo kubwa.

Nikija, nilete nini?

Mkataba au barua ya kazi. Hati za malipo zote ulizonazo. Taarifa ya NSSF tangu ulipoanza. Taarifa ya benki au ya simu. Ratiba za zamu, hata picha. Kama una daftari ulilokuwa ukiandika saa zako mwenyewe, lilete kama lilivyo, lenye madoa na kurasa zilizochanika. Usiliandike upya liwe safi, kwa sababu wino mpya juu ya tarehe za zamani ndilo jambo la kwanza upande wa pili utakalouliza.